🌙 TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Kazi ikifutwa njiani



Juzi baada ya Tarawehe kijana mmoja alinisubiri mpaka watu wakaisha. Kazi yake ni kuandika programu za kompyuta. Kaniruhusu niwasimulie bila jina. Akasema: "Ustadh, huu ni mradi wa tatu wanaufuta. Miezi saba nimeujenga, tumeitwa kikao cha dakika kumi, tukaambiwa basi. Sasa nikipewa kazi nafanya ilimradi. Nijitume ya nini na wataitupa? Na huu mshahara, ni halali kweli?"

Nikamkumbusha Hudaybiya. Mwaka wa 6 Hijria, Mtume (s.a.w.) alitoka Madina na Masahaba wapatao 1,400 kwenda Umra. Wamevaa ihramu, wana wanyama wa kuchinja. Wakafika karibu kabisa na Makka, wakazuiwa. Ukaandikwa mkataba: mwaka huu rudini, mje mwakani. Safari yote ile, na Al-Kaaba hawakuifikia!

Mtume (s.a.w.) akawaamrisha wachinje na wanyoe. Hakuinuka mtu. Akarudia mara tatu, kimya. Hawakuwa waasi wale. Ni watu bora wa umma huu, nyoyo zimevunjika tu. Basi ukihisi mikono mizito kazi yako ikifutwa, usidhani imani yako imekwisha.

Akaingia kwa mkewe, Mama yetu Ummu Salama (r.a.), akamweleza. Mama akashauri: toka, usimsemeshe mtu, chinja mnyama wako, mwite kinyozi wako akunyoe. Akafanya hivyo. Masahaba walipomwona, wakainuka nao.

Chukua mawili hapo.

1️⃣ Walichinja palepale walipozuiwa. Hawakuwatelekeza wanyama porini wakaondoka na hasira. Nawe mradi ukifutwa, ufunge kwa heshima. Andika ulipofikia, hifadhi ulichojenga mahali mwenzio atakipata, kabidhi.

2️⃣ Hawakungoja huzuni iondoke ndipo wafanye. Walianza na huzuni yao. Usiisubiri hamu irudi. Fungua kompyuta, shika kazi moja ndogo, ifanye vizuri. Hamu itakukuta kazini.

Na mshahara? Fundi akijenga ukuta sawasawa, kesho mwenye nyumba akaubomoa, ujira wa fundi ni halali yake. Kubomoa ni uamuzi wa mwenye nyumba. Cha kuogopa, kijana wangu, ni hiyo "ilimradi". Hapo ndipo amana inapovuja, hata kama mradi wenyewe haukufutwa.

Mwaka uliofuata waliingia Makka wakafanya Umra, na mwaka wa 8 Makka ikafunguliwa. Mimi sikuahidi kwamba mradi wako utarudi, huenda usirudi kabisa. Ila bosi anaweza kufuta kazi kwenye kompyuta. Kwenye daftari la Mola wako hana mkono. Jasho ulilotoa kwa nia safi lipo.

✅ Zoezi la leo: kuna kazi umeifanya nusunusu tangu ulipovunjika moyo, iwe ofisini, dukani au shambani. Kabla ya futari, rekebisha sehemu yake moja tu.

Ee Mwenyezi Mungu, tupokelee tulichokamilisha na tulichozuiliwa njiani. Utupe mikono ya uaminifu na nyoyo zisizokata tamaa. Amin.

Mtumie mwenzio aliyepoteza kazi au mradi mwaka huu. Tukutane Tarawehe, inshaallah.