Neno "Service"



Gari likipelekwa gereji kubadilishwa oili, twasema limekwenda "service". Wanaosali kwa Kiingereza nao wakitoka kanisani husema wametoka "service". Waingereza walilipata neno hilo katika Kilatini, na chanzo chake ni servus, yaani mtumwa. Nasi tusidhani tumeepuka. Neno letu ibada limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni moja na abdi, ambaye pia ni mtumwa. Hata shemasi maana yake ni mtumishi tu.

Sisi Waanglikana tungepaswa kulisikia neno hili vizuri kuliko wengine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo likawekwa pale pale jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini. Husimuliwa kwamba altare iko mahali ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa.

Basi nauliza habari za binti wa kazi. Jumapili asubuhi baba, mama na watoto wamevaa vizuri, wanakwenda ibadani. Yeye yuko jikoni, maana chakula kiwe mezani saa saba. Ukiuliza, wajibiwa, "Atasali Jumapili ijayo." Jumapili ijayo kuna wageni, na Pasaka wageni ni wengi zaidi.

Kumbukumbu la Torati 5:14 yamtaja mtumwa na mjakazi waziwazi, na sababu imetolewa: nao wapumzike kama bwana wao. Mstari unaofuata wawakumbusha Waisraeli kwamba walikuwa watumwa Misri. Twazisikia Amri hizi kanisani, lakini hapo masikio hupita mbio.

Mtu atasema, "Lakini namlipa." Vema, ingawa wapo wanaongoja mshahara miezi miwili. Je, mshahara huo ulinunua na Jumapili yake?

Ibada zetu ni mbili. Binti aende ya kwanza na mama ya pili, au siku hiyo wenye nyumba wapike wenyewe. Akiwa Mwislamu au wa kanisa jingine, apewe nafasi ya kusali kwao na kupumzika. Akija kwetu, asiwekwe benchi la nyuma kumbeba mtoto wa tajiri wake. Na kama hajapata Kipaimara, leteni jina lake pamoja na majina ya watoto wenu.

Ni mimi kasisi wenu.