Kusoma kwa Haki

Watu wengi hudhani kwamba aliyetamka maneno yote ya ukurasa bila kukwama amekwisha kusoma. Mimi nafundisha Dundori, katika miinuko iliyo juu ya bonde la Nakuru, na kazi ya kusahihisha majibu ya ufahamu imenionyesha kuwa sivyo. Maneno ya mtu mwingine ni amana, na mwenye kupokea amana hudaiwa haki.

Siku moja niliwapa wanafunzi habari ya mkulima ambaye viazi vyake vilioza kwa sababu mvua ilikata njia. Niliuliza, "Kwa nini alipata hasara?" Mvulana mmoja akajibu kwamba wachuuzi walimpunja. Nilipomkosoa alisema, "Mwalimu, nimeandika kweli. Baba alipunjwa hivyo." Nilinyamaza kidogo, maana sikuweza kumwita mwongo. Lakini kweli yake ilitoka nyumbani kwao, haikutoka katika habari. Alimtolea mwandishi ushahidi wa jambo ambalo hakulisema.

Hilo ni kosa la kwanza, kuongeza. Kosa la pili ni kupokea kila neno bila kuuliza. Ili kuyaepuka yote mawili, msomaji na ajiulize: Kiini cha habari ni nini? Lipi limesemwa waziwazi, na lipi linatokana na yaliyosemwa? Maandishi haya ni ya aina gani? Nani anasema, na kwa nia gani?

Tuyapime maswali haya kwa hati iliyohusu bonde hili lililo chini yetu. Mwaka 1904, Kamishna Sir Donald Stewart alifanya mkataba na Lenana pamoja na wazee wengine wa Kimasai. Hati ilisema kwamba Wamasai wameamua kwa hiari yao kuyaacha malisho ya Bonde la Ufa, wengine waende Laikipia na wengine kusini, na kwamba nchi hizo zitakuwa zao muda wote taifa lao litakapokuwapo. Msomaji wa haraka ataona hiari na ahadi ya daima. Msomaji wa haki hatakana kwamba neno "hiari" limeandikwa. Lakini atauliza limeandikwa na nani. Hati ilikuwa ya Kiingereza, na wazee waliweka alama zao chini ya maneno waliyofasiriwa. Basi neno hilo latuonyesha jambo ambalo mwandishi alitaka liaminiwe. Peke yake halitufunulii mioyo ya wazee.

Mwaka 1911 mkataba wa pili uliwatoa Wamasai Laikipia. Ahadi ya daima ilikuwa imedumu miaka 7. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi yao ikatupwa. Mahakama ilisema kwamba hati zile zilikuwa mikataba baina ya dola na taifa jingine, wala si mapatano ya kawaida yawezayo kuamuliwa mbele ya hakimu. Aliyedhani kuwa swali la aina ya maandishi ni la mtihani tu, na afikiri tena. Hapo jibu lake lilifunga mlango wa mahakama.

Huenda mtu akauliza, "Je, msomaji hana ruhusa ya kuwa na maoni yake?" Anayo, tena ni wajibu wake. Lakini maoni hufuata ufahamu kama hukumu ifuatavyo ushahidi. Anayehukumu kabla ya kusikiliza ni dhalimu, na anayesikiliza asihukumu kamwe ni mtumwa wa kila mwenye kalamu.

Yule mvulana nilimrudishia daftari, nikamtaka aandike majibu mawili: kwanza aliyosema mwandishi, kisha aliyoyaona nyumbani. La pili lilikuwa refu kuliko la kwanza, na zuri zaidi. Lakini safari hii kila jibu lilisimama chini ya jina la mwenyewe.