Sifa ya Kusikia

Mwaka 2003 shemeji yangu alichukua mkopo ili afungue kibanda cha kuchapa barua. Aliniuliza anunue madabodi ipi, yaani ule ubao mkuu unaobeba viungo vyote vya kompyuta. Ile ya bei nafuu nilimkataza. "Shemeji," nikamwambia, "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Akanunua yenye jina kubwa, kwa bei karibu mara mbili.

Haikumaliza miaka miwili. Fundi alipoifungua alituonyesha kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotuliza umeme: vilikuwa vimevimba vichwa na kuvuja. Mkopo ulikuwa bado haujaisha.

Baadaye nilikuja kujua kwamba miaka ile kapasita mbovu zilienea katika bodi za makampuni mengi, yenye sifa na yasiyo na sifa. Mwaka 2005 hata Dell ya Marekani ilitangaza gharama ya dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta zenye kasoro hiyo. Jina lilikuwa la mwenye boksi. Kapasita zilitoka kwa wengine.

Je, nilimdanganya shemeji? Uongo sikusema. Lakini nilimpa sifa niliyoisikia kana kwamba ni jambo nililolichunguza, na aliyelipa ni yeye. Sifa ni ushahidi wa jana: si vyema kuidharau, wala si vyema kuiapia. Tangu hapo, anayeniuliza humtenganishia mapema: hili nimelisikia, hili nimeliona.

Shemeji hakunilaumu hata siku moja. Mimi ndiye ninayekumbuka.