Njaa na Saumu ya Mtengeneza Midundo

Swali la iwapo mtengeneza midundo anunue kontrola ya pedi au sampla inayojitegemea huulizwa kwa kawaida kama swali la bei, la nafasi mezani na la wingi wa sauti, na katika kiwango hicho hujibiwa upesi. Lakini ndani yake limo swali la kale zaidi, ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelishughulikia kwa karne nyingi, nalo ni kama uhuru wa mtu anayeumba huongezeka kadiri vizuizi vinavyoondolewa, au kama kuna vizuizi ambavyo vikikosekana uhuru wenyewe hukosa pa kushika. Insha hii inashikilia kwamba kifaa hakimpi mtu uhuru wala hakimnyang'anyi, bali huamua mahali ambapo mpaka wa kazi utakaa, na kwamba kosa kubwa katika mjadala huu ni kudhani kuwa mpaka mmoja una thamani ileile popote ulipo na kwa yeyote aliyewekewa.

Kontrola ya pedi ni ubao mdogo wenye vibao vya mpira, mara nyingi 16 vilivyopangwa vinne kwa vinne, ambavyo hupigwa kwa vidole. Yenyewe haina sauti: kila pigo huzaa ujumbe mfupi wa MIDI, yaani lugha ya pamoja ya ala za kielektroniki iliyoanza kutumika mwaka 1983, unaotaja pedi iliyoguswa na nguvu ya pigo kwa namba isiyozidi 127, na ujumbe huo hupelekwa kwenye kompyuta, ambako programu ndiyo inayotoa mlio. Sampla inayojitegemea, kwa upande wake, ni mashine inayorekodi kipande cha sauti iliyokwisha kuwapo, kama vile pigo la ngoma kutoka kwenye santuri, kipande ambacho hapa kitaitwa sampuli, kisha ikakihifadhi katika kumbukumbu yake, ikakikata, ikakipanga upya na kukipiga bila msaada wa kompyuta. Mashine ya MPC60, iliyotolewa na kampuni ya Akai mwaka 1988 kutokana na ubunifu wa Roger Linn, ndiyo iliyoufanya mpangilio wa pedi 16 uwe sura inayotambulika ya kazi hii, hivyo kontrola nyingi za leo zimeirithi mikono yake bila kulirithi tumbo lake.

Tofauti hiyo, hata hivyo, si ya asili ya vitu vyenyewe. Sampla za kisasa zina kompyuta ndani yake, na kifaa cha Push 3, kilichotolewa na kampuni ya Ableton mwaka 2023, huuzwa kwa namna mbili zinazofanana sana kwa nje, moja ikihitaji kompyuta na nyingine ikiwa nayo tumboni. Mwanafalsafa Martin Heidegger, katika kitabu chake cha mwaka 1927 kuhusu kuwapo na wakati, alieleza kwamba zana haipo kamwe peke yake, kwa kuwa nyundo inamaanisha msumari, msumari unamaanisha ubao, na ubao unamaanisha nyumba na mtu atakayekaa humo, na kwamba zana inayofanya kazi vyema husahaulika mkononi, hadi pale inapovunjika ndipo inapojitokeza machoni. Kwa kipimo hicho hakuna sampla inayojitegemea kweli, maana hata iliyo ndogo kabisa inahitaji umeme, spika, na muziki wa watu wengine wa kuchukuliwa sampuli. Kinachotofautiana ni mambo mengine yanayoingia pamoja na zana katika saa ya kazi: kompyuta ileile inayotoa mdundo ndiyo inayopokea barua, madai ya ada na habari za dunia, na kila moja ya hayo huweza kuifanya zana ijitokeze machoni ingawa haijavunjika.

Hoja inayotolewa mara nyingi kuitetea sampla ni ile ya dhiki iliyozaa uzuri. Sampla ya SP-1200, iliyotolewa na kampuni ya E-mu mwaka 1987, ilikuwa na uwezo wa kuhifadhi takriban sekunde 10 tu za sauti, na kila sampuli haikuweza kuzidi sekunde mbili na nusu. Watayarishaji wa hip hop wa New York walipata njia ya kuukwepa ufinyu huo: santuri iliyokusudiwa kuzunguka mara 33 kwa dakika waliichezesha kwa mizunguko 45, wakairekodi ikienda mbio ili ichukue nafasi ndogo, kisha wakaipunguza kasi ndani ya mashine. Sauti ilipoteza usafi wake na kupata ukwaruzaji mzito ambao wasikilizaji waliupenda, na ambao leo watu wenye kompyuta zisizojua ufinyu wa kumbukumbu huuigiza kwa programu maalumu. Kutokana na historia hiyo hufikiriwa kwamba yeyote anayejifungia ndani ya sampla leo anarudi kwenye chemchemi ileile.

Hapo ndipo hoja inapoteleza. Mwanauchumi na mwanafalsafa Amartya Sen ameonyesha kwamba mtu mwenye njaa na mtu aliyefunga wanaweza kuwa na matumbo matupu sawasawa, na hata hivyo hali zao ni mbili, kwa sababu mmoja angeweza kula na mwingine hangeweza. Wanazuoni wa Kiislamu hawana haja ya kufundishwa tofauti hiyo, kwani kwao saumu bila nia ni kushinda bila kula tu. Watayarishaji wa mwaka 1987 hawakuzichagua sekunde 10. Ndizo walizopewa na soko la wakati wao, wakapambana nazo kwa akili nyingi, na wangepewa sekunde 100 wangezitumia. Mtu anayenunua sampla leo huku kompyuta yake ikiwa kabatini amefunga, hana njaa. Tendo lake linaweza kuwa bora au duni, lakini haliwezi kuwa tendo lilelile, na kulisifu kwa sifa za wale wa mwanzo ni kuwadhulumu, maana kunaufanya ufukara wao uonekane kama mtindo waliojichagulia.

Mtetezi wa sampla anaweza kujibu, na jibu lake ni zito, kwamba nia peke yake haifungi. Saumu ina mwezi wake, alfajiri yake na magharibi yake, na mfungaji haamui upya kila dakika kama ataendelea. Mwanafalsafa Søren Kierkegaard, akiandika mwaka 1844, aliifananisha hofu ya mwanadamu na kizunguzungu cha uhuru kinachompata anapochungulia shimo la mambo yanayowezekana. Na mtu aliyekaa mbele ya programu yenye maelfu ya ngoma za kuchagua, akisikiliza ya kwanza, ya pili, ya arobaini, hadi sikio linapochoka kabla mdundo haujaanza, anakijua kizunguzungu hicho bila kusoma kitabu. Sampla humwondolea uamuzi huo. Jibu hili linastahili kukubaliwa, lakini si kikamilifu, kwani mtu aliyefungiwa mbali na chakula hajafunga. Mashine isiyoweza kufanya jambo fulani haimfunzi mwenyewe kuliacha, na siku atakaporudi kwenye kompyuta atakuta tamaa yake ikimsubiri.

Kazi ya mtayarishaji James Yancey wa Detroit, ajulikanaye kama J Dilla, aliyefariki mwaka 2006, inaonyesha jinsi mpaka wa kifaa unavyoweza kugeuzwa kuwa mada ya fikra. MPC3000 yake imehifadhiwa leo katika jumba la makumbusho la historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi huko Washington. Mashine hiyo ina uwezo wa kusahihisha wakati, yaani kulivuta kila pigo lililochelewa au kuwahi hadi kwenye mstari uliopimwa, na simulizi iliyoenea husema kwamba Dilla aliuzima tu uwezo huo akapiga kwa mkono huru. Dan Charnas, katika kitabu chake Dilla Time cha mwaka 2022, anaeleza jambo lenye kina zaidi: kwamba Dilla aliweka wakati ulionyooka na wakati unaoyumba ndani ya mdundo mmoja, kwa makusudi, hivi kwamba sikio linatembea kwa miguu ya urefu tofauti bila kuanguka. Huko si kuutoroka mpaka wa mashine, wala kuutii. Ni kuujua kwa undani kiasi cha kuuliza kila pigo likae upande gani wake, na ujuzi wa namna hiyo haununuliwi pamoja na kifaa chochote kati ya viwili vinavyoshindanishwa hapa.

Msomaji wa Kiswahili anayo mizani ya karibu ya kulipimia jambo hili. Kaluta Amri Abedi alipoziandika sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 bila kuzifuata, ubishi uliozuka haukuhusu kalamu. Ulihusu vina na mizani, na vina na mizani havikukaa katika kalamu wala katika hiari ya mshairi mmoja, bali katika masikio ya watu waliozoea kuyasikia mashairi yakighaniwa. Mpaka una makao ya tatu, basi, nje ya mashine na nje ya nia ya mtu binafsi. Muziki wa singeli wa Dar es Salaam unalithibitisha hilo katika midundo: watayarishaji wengi wa Manzese na Tandale wametumia kompyuta na kibodi yake tu, pasipo pedi wala sampla, na bado kazi yao ina ukali wa mpaka kuliko kazi nyingi zilizotoka kwenye mashine za bei kubwa, kwa sababu kasi inayozidi mapigo 200 kwa dakika ni sharti la uwanja wa kuchezea, na anayelivunja huachwa na wachezaji papo hapo.

Ikiwa ni hivyo, kijana mwenye kompyuta kuukuu na fedha kidogo anatosheka na kontrola, au na kibodi aliyonayo, na asihubiriwe thawabu za saumu na watu walioshiba. Aliyekaa miaka na programu bila kumaliza mdundo hata mmoja ana sababu ya haki ya kununua sampla, ili mradi aitazame kama ratiba ya mfungo na aendelee kujiuliza anachofungia. Na kwa wote wawili, jambo la kushughulikia kabla ya fedha kutoka mfukoni ni nani atakayeusikiliza mdundo huo, na ni kosa gani ambalo msikilizaji huyo hatalisamehe.