Lenzi Zisizoingia: Haki ya Mnunuzi

Ametuandikia kijana mmoja wa Migori, mpiga picha za arusi na matanga, ambaye riziki yake humfikisha hata Homa Bay na Kendu Bay. Asema kwamba alinunua hapa Mombasa lenzi mbili kuukuu za Canon, na mwenye duka, naye ni Mwislamu mwenzetu, akamhakikishia kuwa zitaingia katika kamera yake ya siku hizi kwa kuwa jina ni moja. Alipofika kwao hazikuingia. Akapiga simu, akajibiwa kuwa mali ikishauzwa hairudi. Auliza sharia yasemaje.

Kwanza na tuieleze khabari yenyewe, kwani wengi wetu hatuijui. Kamera za namna hii zina mdomo ambapo lenzi hufungiwa, na kila kampuni ina mdomo wake. Mtu akishakusanya lenzi tatu nne huwa amefungamana na kampuni ile, maana kuhama ni kununua zote upya. Wenye viwanda walijua hayo tangu zamani. Kodak waliuza kamera ya Brownie mwaka 1900 kwa dola moja tu, kwani faida yao waliitaraji katika filamu.

Canon walileta lenzi za FD mwaka 1971. Ilipofika 1987 wakatoa kamera za EOS zenye mdomo mwingine kabisa, lenzi ikiwa na mota yake ndani na kupokea amri za kamera kwa umeme. Zile za FD, hata ziwe safi kama siku zilipotoka kiwandani, haziingii. Nikon waliushika mdomo wao wa 1959 hata mwaka 2018, ndipo nao wakaleta mwingine; na mwaka huo huo Canon wakabadili tena. Lakini safari hii wote wawili waliuza kiungo cha kuzitumilia lenzi zilizotangulia. Ama filamu ya APS, iliyoletwa na Kodak na wenzake mwaka 1996 kwa sifa nyingi, ilikwisha kutengenezwa mwaka 2011. Kamera zake zingali nzima, na chakula hazina.

Je, hao wamedhulumu? Hatusemi hivyo kwa jumla. Anayebadili kitu kwa manufaa ya kweli hana lawama, wala hakuahidi kuuza cha zamani milele. Tunalolichukia ni yale matangazo ya kumfanya mtu aione haya kamera aliyoinunua juzi, ilhali picha zake hazina ila. Huo ni mlango wa israfu, na wanaoingia humo kwa mikopo ya riba ni wengi.

Lakini Japani ni mbali, na duka liko karibu. Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono ndani akaukuta umajimaji uliofichwa chini, akamkemea mwenyewe na kumkataa mwenye kughushi. Yule muuzaji wetu anajua khabari ya FD, kwani ndiyo kazi yake. Kijana wa Migori hakujua, akamwamini.

Jawabu letu ni hili. Lenzi zenyewe hazina kasoro, lakini alizinunua kwa sharti ya sifa iliyotajwa, nayo ni kuwa zitaingia, na sifa ile haikupatikana. Kwa hiyo ana khiyari ya kurudisha mali na kupewa fedha zake, na neno la kuwa mali hairudi haliiondoi haki hiyo. Katika madhehebu yetu ya Shafi yampasa asicheleweshe bila ya udhuru. Umbali wa Migori na Mombasa ni udhuru, lakini aache kabisa kuzitumia, ashuhudishe watu kuwa amekwisha kuzikataa, kisha azipeleke mwenyewe au kwa wakili wake.

Na aanze kwa kumsomea muuzaji haya. Akikataa, asipoteze nauli kwenda kwa Kadhi, kwani kwa katiba ya Kenya Kadhi huhukumu mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi tu. Iko Mahakama ya Madai Madogo, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na huko mtu huweza kujisemea mwenyewe. Aende na risiti.