Makaa katika shamba la kukodi

Ukitoka Bujumbura kwenda Gihanga utaona mashamba ya mpunga, na kwenye mashine za kukoboa, malundo ya maganda. Maganda hayo yakichomwa kwa hewa kidogo huwa makaa, bayochari. Yakichanganywa na samadi hushika maji na kupunguza tindikali ya udongo, na mengi hubaki ardhini kwa mamia ya miaka. (Tusikate miti kwa kazi hii, maganda yapo.)

Lakini aliyekodi shamba kwa msimu mmoja ajichoshee nini? Tutamwambia ni sadaka inayoendelea. Kweli, ila naona tunapenda mno kumhimiza sadaka asiyekuwa nacho. Mwenye shamba arudishiwaye ardhi yenye rutuba naye anadaiwa: ampunguzie kodi, au amwongezee misimu.