Amana usiyoonyeshwa utailindaje?

KATIKA vikao vya wazazi vya shule zetu za sekondari za Kiislamu, ajenda hujulikana kabla hata ya kusomwa. Kuna ada, kuna michango ya chakula, kuna sare na hijabu, kuna simu zilizokamatwa bwenini. Kikao hufunguliwa kwa Qur'an na kufungwa kwa dua, na mzazi anarudi nyumbani akijua vizuri anachodaiwa, lakini hajui mwanawe anasoma nini. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa kidato cha tano na sita, na vikao hivyo nimevikalia miaka mingi. Leo napenda tuulizane swali moja: Je, ni haki kumbebesha mzazi dhima ya kitu ambacho hakuna aliyejitahidi kumwonyesha?

Nina sababu ya kuuliza, na sababu yenyewe si ya kujisifu.

Katika kikao kimoja alisimama mama mmoja, mjane, anayeuza vitumbua asubuhi ili watoto wasome. Akasema: "Samahani Ustadh. Binti yangu usiku anaandika herufi na kuchora mistari iliyopinda. Namba zenyewe sizioni. Hii ni hesabu gani?" Binti yake alikuwa anasoma tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, na wakati huo tulikuwa tumeanza kalkulasi. Mimi nikatabasamu, nikamjibu: "Mama, hayo ni mambo makubwa. Wewe muombee dua tu." Ukumbi ukacheka. Yule mama akaketi.

Muhula uliofuata binti hakuwepo darasani kwangu. Alikuwa amehamishiwa tahasusi nyingine isiyo na hisabati. Nilipouliza, nikaambiwa kuwa baba yake mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akilipa ada, alitaka kujua somo lile lina faida gani kwa mtoto wa kike. Akamuuliza mama. Mama akajibu: "Sijui. Hata mwalimu mwenyewe alisema siwezi kuelewa." Basi likaisha hapo.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba binti yule amepotea. Riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, na masomo mengine nayo yana heri zake. Lakini uamuzi ule ulifanyika gizani, na taa nilikuwa nayo mimi. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya anachokichunga. Ametuonya pia juu ya mtu anayeulizwa elimu aliyonayo akaificha. Mara nyingi mafundisho haya mawili tunayasoma mbalimbali. La kwanza tunawasomea wazazi, la pili tunawasomea masheikh. Siku ile niliona kuwa yanakwenda pamoja, na kwamba la pili lilikuwa linanihusu mimi.

Nilimfuata yule mama nikamwomba radhi. Akaniambia: "Nimekusamehe, Ustadh. Lakini bado hujanijibu." Nikaketi kwenye benchi lake nikajaribu kujibu, na jibu hilo ndilo ninalowapa wazazi wote hivi sasa.

Tuseme basi limetoka Morogoro kwenda Dodoma, kiasi cha kilomita 260, likatumia saa nne. Ukigawanya utapata kilomita 65 kwa saa. Huo ni mwendo wa wastani, na hesabu yake inafundishwa hata shule ya msingi. Sasa pale Gairo, mahali penye makazi ya watu, askari wa usalama barabarani amelipiga tochi akakuta linakwenda 90. Dereva hawezi kujitetea kwamba wastani wake ni 65. Askari hamuulizi habari ya safari nzima, anamuuliza habari ya pale alipopita. Lakini mwendo wa "pale pale" utaupataje, ikiwa katika nukta moja ya wakati gari halijakwenda umbali wowote? Unachukua sekunde kumi, kisha sekunde moja, kisha sehemu ndogo ya sekunde, na kila unavyopunguza muda unaona jibu linakaribia namba moja. Hiyo ni nusu ya kwanza ya kalkulasi: kujua kitu kinabadilika kwa kasi gani wakati huu.

Nusu ya pili ni kinyume chake. Maji ya bomba yanatoka usiku, saa sita kwa nguvu, saa tisa kidogo kidogo, alfajiri yanachuruzika. Tangi litakuwa na lita ngapi kutakapopambazuka? Huwezi kuzidisha mara moja, kwa sababu nguvu ya maji haikuwa moja. Unaukata usiku vipande vidogo vidogo vya muda, kila kipande unakipigia hesabu yake, kisha unajumlisha vyote. Yale maandishi yanayomtisha mzazi kwenye daftari ni ufupisho wa kazi hizo mbili.

Mama alisikiliza, akageuza vitumbua, akasema: "Kumbe ni kama moto wa jiko langu. Mafuta yanaweza kuwa na joto la kutosha, lakini kama linapanda haraka, vitumbua vitaungua. Lazima ujue linapanda au linashuka." Nimefundisha somo hili miaka mingi, na sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Wapo wanaosema hii ni elimu ya dunia, mzazi Muislamu aishughulikie ya nini? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya Ulumud-Din amehesabu tiba na hesabu miongoni mwa elimu za fardhi kifaya, yaani mji ukikosa mwenye kuzijua, watu wake wote wamo katika lawama. Tuwe wakweli: Imamu huyo huyo amesema kuzama katika undani wa hesabu ni fadhila, si faradhi. Lakini leo mhandisi wa daraja, mtaalamu wa mionzi hospitalini na anayekadiria dawa inavyopungua katika damu ya mgonjwa, wote wamepitia mlango wa kalkulasi. Kama lililokuwa fadhila zama zile limekuwa haja zama zetu, hilo nawaachia maulamaa. Mimi nasema tu kwamba umma hauwezi kulipuuza.

Wala tusidanganyane kwa kusema kila kitu kilivumbuliwa na Waislamu. Walioiunganisha kalkulasi ikawa elimu moja yenye kanuni zake ni Newton wa Uingereza na Leibniz wa Ujerumani, katika karne ya 17. Lakini kabla yao, al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, aliandika kitabu cha aljebra ambacho sehemu yake kubwa ni masuala ya wasia na mirathi. Na Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965, alipata ujazo wa umbo lililopinda mfano wa kuba kwa kulikata vipande vyembamba na kuvijumlisha, kama tulivyofanya kwa maji ya tangi. Binti yetu anayechora mistari iliyopinda hakuingia nyumba ya watu wasiomhusu.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi. Wapo wanaoniambia: "Ukimweleza mzazi, ataanza kuingilia. Mwache alipe na aombe dua." Nakiri kwamba wapo wazazi wanaoingilia vibaya, wanaomlazimisha mtoto kusoma PCM kwa sababu tu mtoto wa jirani anaisoma. Lakini huyo naye ni mtu asiyeonyeshwa. Anapigania jina la somo kwa sababu halijui somo lenyewe. Aliyeonyeshwa atauliza kama mwanawe analiweza na analipenda, na hapo ndipo shura inapoanza. Na dua, kwa heshima zote, si kibali cha kumnyima mtu maelezo. Nilipomwambia yule mama aombe dua tu, sikuwa naikuza dua. Nilikuwa naitumia kufunga mlango.

Jambo jingine nililoliona ni la adabu. Mtoto anayezoea kusikia kuwa mama yake "hawezi kuelewa" anajifunza kumdharau taratibu, hata kama bado anamwamkia kwa heshima. Elimu inayomwinua mtoto kwa kumshusha mzazi imeingia kasoro. Siku hizi nawapa wanafunzi wangu kazi moja ya nyumbani: kila mmoja amweleze mzazi au mlezi wake tulichosoma, kwa Kiswahili, bila daftari. Asiyeweza kueleza, mara nyingi hata yeye hajaelewa.

Kwa wazazi nina machache. Kwanza, muulize mwanao kwa nini amechagua tahasusi yake, na usikilize hadi mwisho. Pili, wengi wanaoshindwa kalkulasi ninaowaona darasani wameshindwa na aljebra ya kidato cha tatu na cha nne, basi msaada uanzie huko. Tatu, somo hili linataka mazoezi ya kila siku, hata kama ni kidogo, kama ibada inayodumu. Msiwaachie mabinti vyombo vyote vya jioni huku kaka zao wakiwa na vitabu, kisha mkasema wasichana hawawezi hesabu. Nne, msihukumu kwa wastani peke yake. Aliyetoka 20 akafika 40 yuko katika hali tofauti na aliyeshuka kutoka 80 hadi 60, ingawa kwenye ripoti wa pili ndiye atakayesifiwa. Tazameni mtoto anaelekea wapi.

Na kwetu walimu: kabla hatujamwambia mzazi kuwa mtoto ni amana, tumwonyeshe amana yenyewe. Tukishamwonyesha akaipuuza, hapo dhima ni yake. Tukimficha, tusishangae siku tutakapoulizwa pamoja naye.

Wabillahi tawfiq.